Vimwanzi vya Mzee wa Manassas

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, maana tukifika katikati hatakuwa na hamu hiyo tena. Haya yalinipata mimi, kwa mdomo huuhuu ninaokusimulia nao. Sikuhadithiwa na mtu wala sikuyasoma mahali. Na kabla hujanitia katika kundi la wale wanaoona majini kila kona, nikueleze mimi ni nani. Mimi ni mtu wa shule. Nina diploma ya mitandao ya kompyuta niliyoipata Virginia, Marekani, nikifanya kazi mchana na kusoma jioni, bila tajiri wa kunishika mkono wala serikali ya kunilipia. Imetundikwa sebuleni, njoo uione. Ghorofa hii hapa Tanga, ambayo watu wa bodaboda wanaitumia kuelekezana njia, nimeijenga mwenyewe tangu msingi mpaka bati. Mtu wa namna hiyo ana haja gani ya kukutungia uongo?

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Nilikuwa nakaa mji wa Falls Church, hukohuko Virginia, kwenye fleti karibu na Barabara ya 7, na kazi yangu ilikuwa Herndon, kwenye kampuni ya kompyuta, mimi na shati la kola na kitambulisho shingoni. Nilikuwa na mchumba, Nyokabi, Mkenya wa Nyeri. Mimi Mwislamu wa pwani, yeye Mkristo wa milimani. Piga picha simu zilizokuwa zikilia kutoka nyumbani! Lakini wazee wa pande zote mbili walikuwa wameanza kulainika, na tulikubaliana ndoa ifungwe kiangazi kitakachofuata.

Nyokabi alikuwa akiongoza waimbaji wa kanisa lao la Wakenya. Usinione nasema kwa sababu alikuwa wangu. Akiimba jikoni huku anakatakata sukuma, majirani zetu wa El Salvador walikuwa wanazima televisheni. Alikuwa na pumzi, yule msichana. Angeweza kuishika sauti moja mpaka wewe unayesikiliza ndiye unayetafuta hewa.

Kazi yake ilikuwa kuhudumia wazee majumbani, kama Wakenya wengi wa kule. Majani yalipoanza kupukutika akapangiwa mzee mmoja wa mji wa Manassas, anayeishi peke yake katika nyumba ya mbao nyuma ya stesheni ya treni. Mzee mgonjwa wa mapafu, wa kutembea na mtungi wa oksijeni na mpira puani. Zamani alikuwa mwalimu wa muziki, ndivyo alivyosema mwenyewe.

Jioni ya kwanza Nyokabi alirudi akicheka.

"Wewe hujaona vitu!" aliniambia kabla hata hajavua koti. "Huyo mzee ana kabati imejaa filimbi za ajabu. Moja imepinda kama bakora imegeuzwa juu chini. Ingine ni fupi, nene, kama mkebe wa maziwa. Ukiipuliza inalia kama bata amekanyagwa!"

"Na wewe umepuliza kwa nini?"

"Si ndio kazi? Ati zilipigwa huko Ulaya miaka mia nne, mia tano imepita, halafu wakaziacha, wakaleta hizi za siku hizi. Sasa ni mbao, na hii hita ya winta inakausha kila kitu. Zisipopulizwa kila siku zinapasuka. Yeye hana pumzi. So nampulizia."

Kwa hilo sikushangaa. Mjomba wangu wa Pangani alikuwa mpiga zumari, anaitwa kwenye harusi toka Tanga mpaka Bagamoyo. Naijua ile kazi. Mti wenyewe haulii. Kinacholia ni kile kipande chembamba cha kutia mdomoni. Mjomba alikitengeneza kwa jani kavu, Wazungu wanakichonga kwa mwanzi, basi mimi nitakiita kimwanzi. Na kimwanzi kikavu hakitoi kitu. Lazima kwanza ukiloweshe kwa mate mpaka kilainike.

Ndiyo maana nikamuuliza, "Anayekilowesha ni nani?"

Nyokabi akajitia kutafuta chumvi.

"Nani anakilowesha, Nyokabi?"

"Yeye. Anakiweka kwa mdomo wake, anakinyonya, kikiwa sawa ananipa."

"Na wewe unakipokea?"

"Sasa ningefanya aje? Mzee wa umri kama huo amekunyooshea kitu, utamwambia, ai, hapana, kiko na mate yako? Mama yangu angenichapa kutoka Nyeri mpaka hapa!"

Simama kidogo hapo, maana hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia. Msichana wa Kimarekani angesema hapana palepale, angevaa glavu zake, na mzee angenyamaza. Sisi hatukulelewa hivyo. Mtu mwenye mvi akikupa kitu unapokea, tena unashukuru, na kama kinakutia kinyaa unameza mate yako na kutabasamu. Yule mzee, sijui aliigundua lini tabia yetu hiyo, lakini aliigundua.

Nikamwambia sheria ya mjomba. Mjomba alikuwa na mikono myepesi ya kuchapa watoto, lakini hakuna kilichompandisha hasira kama mtoto kugusa kimwanzi chake. Alisema kimwanzi ni cha mdomo mmoja. Mpigaji akifa kinavunjwa na kufukiwa pamoja naye, kwa sababu pumzi yake imo mle, na mtu mwingine akikitia mdomoni, mmoja wao atakula pumzi ya mwenzake.

Nyokabi alicheka mpaka akashika meza. "Woiye! Nyinyi watu wa Tanga mna majini hadi kwa filimbi! Msomi mzima, na diploma imekaa kwa ukuta!"

Nikacheka naye. Ungefanyaje?

Baridi ilipokolea akaanza kukwama katikati ya wimbo. Mwanzoni tulisema mafua. Kisha akawa anapumzika kwenye ngazi za fleti, mkono ukutani. Kisha ikawa hawezi kuzima kiberiti. Anapuliza, moto unayumba tu kama unamcheka. Hospitali walimpiga picha wakasema mapafu masafi, wakampa dawa ya pumu, haikufanya kitu. Nikamwachisha ile kazi, nikidhani sasa atapona. Akazidi. Asubuhi moja ya Jumapili nikamsindikiza kwenye gari, baridi kali, mdomo wangu unatoa mvuke kama birika. Nikamtazama yeye. Kwenye midomo yake kulikuwa na uzi mwembamba tu, unatoka, unakatika. Alitaka kuniita jina, akafika nusu, akasimama kuvuta hewa ya kumalizia.

Nilijua pale kwamba hali hii haitatufikisha kiangazi, na nisipofanya kitu nitakuwa nampeleka kwao Nyeri ndani ya sanduku. Jumapili ileile, mchana, nikashika Barabara ya 66 kwenda Manassas.

Nilimkuta mzee nje ya nyumba yake. Nilitegemea kumwona kitandani na mpira wake puani. Alikuwa amevaa shati tu, anaondoa theluji njiani kwa sepetu, haraka haraka kama kijana wa kulipwa. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umetupwa karibu na pipa la taka.

"Wewe ndiye kijana wa Nyokabi!" alisema. "Amenieleza habari zako, kompyuta, Herndon, mjomba mpiga zumari, ingia ingia, nimesubiri sana kuonana na mtu anayejua kazi hii, huku hakuna anayejua, wote wanadhani ni vitu vya kuchezea."

Aliyasema yote hayo bila kupumua. Niamini. Mtu akisema anasimama, hata kidogo, anavuta hewa. Yeye alikwenda mfululizo kama redio. Na mdomo wake haukutoa mvuke. Baridi ile, ya kuumiza meno, mimi nafuka moshi, yeye anasema na kusema na mbele ya midomo yake ni peupe.

Halafu akacheka. Kicheko kilianza cha kizee, kikavu, na kikamalizikia kwa kile kijikwikwi kidogo cha juu ambacho mimi nilikuwa nakifahamu kuliko jina langu. Kicheko cha Nyokabi. Nywele zilinisimama, ndiyo, hata mimi.

Niliingia ndani. Harufu! Ulishawahi kukuta kitambaa cha kufutia mate ya mtoto, kimesahaulika kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa? Ndiyo ile, nyumba nzima, na hita imewashwa mpaka mwisho. Sebuleni kulikuwa na lile kabati la vioo. Mle ndani zimepangwa: zile zilizopinda kama bakora, ile ya mkebe, moja imevishwa ngozi nyeusi kama mguu wa mbuzi aliyeungua, na nyingine ndefu ambazo kwa kweli zilifanana na zumari ya mjomba. Lakini macho yangu yalikwenda kwenye kioo. Kilikuwa na ukungu kwa ndani. Si kioo kizima. Ni viduara, kimoja mbele ya kila ala, na kila kiduara kilikuwa kinakua, kinafifia, kinakua, kinafifia.

Nikajiambia ni joto la hita. Mimi ni mtu wa shule, mambo ya joto na baridi nayajua. Lakini joto linapumua?

Mzee akafungua kabati, akatoa ile inayofanana na zumari, akachomoa kimwanzi chake. Akakitia mdomoni. Akakinyonya polepole, akinitazama, mashavu yanaingia ndani, na nikasikia mate yakizunguka mle. Alipokitoa, kiliburuta uzi mzito uliong'ang'ania mdomo wake wa chini, ukarefuka, ukakataa kukatika. Kisha akanipa. Kwa mikono miwili! Akainamisha na kichwa kidogo, kama tufanyavyo sisi. Mzungu wa Virginia alijifunza wapi hilo?

"Pokea," alisema. "Una kifua kizuri."

Mkono wangu, wallahi, ulianza kwenda wenyewe. Ndivyo malezi yalivyo. Nikaushika kwa mkono mwingine, nikasema, "Nitakupulizia zote, mzee wangu. Lakini kwetu mgeni haombwi kazi kabla hajapewa chai."

Akanitazama. Nikaona amekwama. Adabu aliyoitumia kumnasa Nyokabi sasa ilikuwa imemrudia yeye, na hakujua pa kutokea. "Bila shaka," alisema, akakiweka kile kimwanzi mezani, akaenda jikoni. Nikasikia maji yanajaa kwenye birika.

Nilikuwa na muda wa chai tu. Nilijua la kufanya, kwa sababu mjomba alilisema: kivunjwe. Lakini kipi? Aliwapulizisha wangapi, na cha Nyokabi kilikuwa wapi? Kwa macho vyote ni vimwanzi tu, vyeusi kwenye ncha, vinanata. Hakukuwa na namna nyingine. Ilibidi nivionje.

Samahani kama unakula.

Cha kwanza kilikuwa cha moto. Kabati lina baridi hata kwenye joto lile la hita, mti una baridi, kimwanzi cha moto kama ulimi wa mtu. Nilipokibana kwa midomo kililegea, kikateleza, na utelezi ule ukaenea juu ya ulimi wangu: tumbaku ya zamani, na damu ya ufizi. Nikapuliza kidogo. Haikulia kama ala. Ilikohoa, mwanamume mzima, kikohozi cha asubuhi. Nikatema kwenye zulia, nikakitupa mezani, nikashika kingine. Bia iliyochacha. Kingine, dawa ya meno ya watoto, ile tamu ya pinki, na sauti ikatoka ndogo, ya kulalamika, kwa Kispanyola. Hapo nilitapika, nikameza nilichotapika, maana yule angesikia. Juu ya vyote kulikuwa na mate ya mzee mwenyewe, mazito, matamu, kama dawa ya kikohozi iliyooza. Kila nilichokitoa kabatini nilikitia mdomoni kwa kinyaa kilekile, na kila mara nilifikiri, hiki siwezi, na nikaweza.

Nilipofika kwenye zile zilizopinda nikakuta kimwanzi kimefunikwa kwa kifuniko cha mti, unapulizia kwenye kitundu juu yake. Nikang'oa kifuniko. Mle ndani mate yalikuwa yamesimama kama maji kwenye kifuu, na yana utando. Nikayamwaga, nikakitia mdomoni.

Tangawizi. Mafuta ya midomo ya nazi, yale niliyomnunulia mwenyewe. Nikapuliza, na ndani ya mti ule mtu akaanza kuimba, kwa Kikikuyu, taratibu, kama anayeosha vyombo.

Sikusubiri mstari wa pili. Nikakitafuna. Nilikivunja kwa magego, kikalia chini ya meno yangu kama mfupa wa kuku, nikazidi kutafuna mpaka kikawa unga na mate, mate yangu, yake, na ya yule. Jikoni birika likaanguka. Nikavipata na vile vya mwanzo vilivyokuwa mezani, nikavisaga kwa kisigino cha buti, na kutoka chini ya buti, na kutoka kabatini, zikatoka pumzi ndefu, moja, nyingine, nyingine, kama watu wanaotua mizigo.

Mzee alikuwa mlangoni. Mdomo wazi, unafunguka na kufumba kama samaki kwenye ndoo, kifua hakiendi popote. Alikuwa anasema kitu lakini hakuwa na cha kusemea. Nilimpita kwa bega. Nilihisi mkono wake kwenye koti, umelowa, na nikakimbia mpaka kwenye gari.

Alinifuata. Nilikuwa natafuta ufunguo, nikasikia kitu kinagota kioo cha upande wangu. Ameubandika mdomo wake pale. Mdomo mzima, midomo imetandazwa kwenye kioo kama konokono, ulimi unapapasa, ananyonya. Ananyonya kioo! Na baridi yote ile, kioo hakikuingia ukungu hata chembe. Niliondoa gari naye ameng'ang'ania, kikasikika kitu kama kizibo kinachomoka, na alipobaki nyuma kwenye theluji aliacha alama ya duara pale kiooni. Niliipeleka gari kuoshwa mara nyingi. Mwisho niliiuza.

Nilikuwa sijafika hata Barabara ya 66 simu ikalia.

"Uko wapi?" Sauti imejaa, imesimama. "Sikia! Nimepanda ngazi zote, mbio, kutoka chini! Sijasimama! Unanisikia? Mbona huongei?"

Nilikuwa nimefungua dirisha natema, natema tu.

Sasa nikueleze jambo ambalo hadithi nyingi za namna hii hazifiki. Nilipofika nyumbani Nyokabi alinifungulia kabla sijagonga. Alinishika uso kwa mikono yake yote miwili, analia, anacheka, na pumzi yake ikanijia usoni, ya moto, nzima, ileile niliyoifuata Manassas. Nikaitambua. Tangawizi, nazi. Na nyuma yake wote wakaja, tumbaku, bia, yule mtoto, na mzee juu yao, wamepanda ulimini mwangu kwa pamoja. Nilimtapikia miguuni.

"Pole, pole baba," alisema, akanifuta mdomo kwa mkono wa sweta lake. Hata hilo sikuweza kulistahimili.

Nilimweleza kila kitu, naye safari hii hakucheka. Nilijaribu, Mungu shahidi. Nilipiga mswaki mpaka ufizi ukatoka damu. Nilikwenda kwa mtaalamu wa akili mwenye vyeti vingi kuliko mimi. Lakini akinikaribia nilikuwa nabana pumzi, na mwanamke anajua mtu akimbania pumzi. Kiangazi kilikuja kikapita.

"Mimi ni uchafu kwako?" aliniuliza siku ya mwisho.

"Si wewe. Ni mdomo wangu."

"Uliniokoa halafu ukaniogopa," alisema, akachukua sanduku lake. Wala hakusema kwa hasira.

Ana mume sasa, huko Maryland, na watoto. Anaimba bado. Sikukuu zao ananipigia, namwomba aimbe kidogo, na ninamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu simu haina harufu.

Mimi nilirudi na diploma yangu na kontena langu, nikajenga. Nina kikombe changu, sahani yangu, kijiko changu, vimefungiwa kabatini na ufunguo ninao mimi. Kwenye harusi sinia likiwekwa na wenzangu wakizamisha mikono, natoka nje kujitia kusikiliza simu. Kahawa ya barazani siigusi, vile vikombe vinavyosuuzwa ndoo moja. Watu wanasema Mmarekani huyo, anajisikia. Waseme. Mama yangu mzazi, siku zake za mwisho, alinipa uji wake nimalizie, kwa baraka, na nikamwambia nimefunga.

Hayo nimeyazoea. Ninachokuomba wewe ni kitu kimoja. Yule mzee sijui kama alikufa, na kabati lile sikulimaliza. Vitu vya kale vinauzwa, vinasafirishwa, vinafika popote, hata kwetu. Siku mtu atakapokunyooshea kitu kilicholowa mate yake, hata kama ana mvi, hata kama ameinama na kukileta kwa mikono miwili, kataa. Kataa mbele za watu. Wakuite mshamba, wakuite huna malezi, nyamaza uondoke. Aibu ya kukataa inaisha siku hiyohiyo. Ladha haiishi.